Chumvi, Sukari na Maji: Dawa Iliyokuwa Jikoni kwa Bibi

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki kadhaa. Mambo ya chumba cha habari mnayajua, mhariri akikukamata hana utani. Lakini ukimya huu ulikuwa na sababu nyingine pia. Nilikuwa nasoma historia ya kitu kimoja kidogo sana, na kila nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kukosa usingizi. Leo nimeamua kuutua mzigo huo hapa.

Kitu chenyewe ni maji yenye chumvi na sukari. Usicheke kwanza.

Ilianza hivi. Usiku mmoja, kama saa nne hivi, jirani yangu pale ninapopanga alinigongea mlango. Mtoto wake wa miezi kumi na minne alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Tukakodi bajaji hadi zahanati ya karibu, ambayo sitaitaja jina. Mtoto alikuwa amelegea, lakini alipoiona chupa ya maji niliyoshika aliinyooshea mkono. Hakuna aliyempa. Mama yake aliniambia, "Kaka, ukimpa maji ataharisha zaidi." Mhudumu alisikia na hakumsahihisha. Akasema mtoto atundikiwe dripu na achomwe sindano. Walimtoboa mara nne wakitafuta mshipa. Bili ikaja shilingi 35,000. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, na jirani yangu mpaka leo anaisifu dripu ile.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Muheza kumsalimia bibi, mzaa baba. Baada ya shikamoo na chai nikamsimulia kisa hicho, nikikitia chumvi kidogo ili kichekeshe. Hakucheka. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia jambo ambalo tangu nizaliwe sikuwahi kulisikia nyumbani. Baada ya baba yangu, alizaa mtoto mwingine wa kiume. Mtoto huyo alifariki mwaka 1979, akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa akiharisha. Aliugua siku tatu tu.

"Nilimnyima maji, mume wangu," alisema. (Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, ni utani tu.) "Mtoto alikuwa analilia maji. Wakubwa wakaniambia ndoo iliyotoboka ukizidi kuijaza ndivyo inavyozidi kuvuja. Nikamkaushia. Nikawa nampa maji ya majani ya mpera, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Halafu baada ya maziko wakasema nimembemenda."

Kwa wasomaji wa mbali wasiolijua neno hili: kumbemenda mtoto ni imani kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika na kuharisha kwa sababu mama au baba amevunja miiko ya tendo la ndoa. Yaani mama anafiwa na mtoto, na juu ya msiba anabebeshwa na aibu. Bibi ameibeba kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nilirudi Dar nikiwa na swali moja. Mwaka 1979, palikuwa na mtu yeyote duniani aliyejua ni nini kingemwokoa baba yangu mdogo? Naona ajabu kumwita mtoto wa mwaka mmoja na nusu "baba mdogo", lakini ndivyo alivyo kwangu. Jibu la swali hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Twende taratibu. Hadithi hii inaanza na kipindupindu, kwa kuwa ndicho kilichowafundisha madaktari nini hasa kinachomuua mtu anayeharisha. Mwaka 1817 ugonjwa huu ulitoka Bengali, kule India, na kuanza kusambaa duniani kwa njia za majeshi na za biashara. Mwaka 1831 ukafika Uingereza. Wagonjwa walikuwa wanakauka kama samaki juani: macho yanazama, ngozi inakunjamana, sauti inapotea, na ndani ya siku moja mtu mzima mwenye nguvu zake ni maiti. Na madaktari walifanya nini? Waliwatoa wagonjwa damu! Mtu anaishiwa maji, wewe unamkata mshipa umpunguze zaidi. Wengine waliwapa zebaki wazidi kuharisha, eti uchafu utoke.

Akatokea kijana mmoja wa Ireland, William Brooke O'Shaughnessy, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na ushee tu, rika langu mimi. Alichukua damu ya wagonjwa akaipima. Akakuta kwamba imepungukiwa maji na chumvi. Akashauri warudishiwe kile walichopoteza. Fikiri, ndugu msomaji: mwaka 1831 jambo zima lilikuwa limeshasemwa.

Mwaka uliofuata, 1832, daktari wa Uskoti aitwaye Thomas Latta akaufanyia kazi ushauri huo. Alimchukua mama mmoja mzee aliyekuwa anakata roho, akaanza kumwingizia maji ya chumvi kwenye mshipa. Yule mama akafumbua macho, akaanza kuongea na kusema anajisikia vizuri. Latta akamwacha mikononi mwa daktari mwingine, akaenda kupumzika. Kuharisha kukarudi, hakuna aliyeendelea kumwongezea maji, na saa chache baadaye akafariki. Latta alitibu wengine, na baadhi yao walipona, lakini yeye mwenyewe alifariki mwaka 1833 na njia yake ikasahauliwa kwa miaka mingi.

Wakati huo sisi huku tulikuwa wapi? Kipindupindu hakikutuacha. Kilipiga Unguja mwaka 1858 na 1859, kikarudi tena mwaka 1869 na 1870. Tunajua mengi kuhusu mlipuko huo wa pili kwa sababu ya daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Christie alifanya kazi ambayo sisi waandishi wa habari tungeiita ya uchunguzi. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara, akaufuatilia ugonjwa nyuma kijiji kwa kijiji, akagundua kwamba safari hii haukuja na majahazi moja kwa moja. Ulipita bara, kwenye nchi ya Wamasai, ukashukia Pangani, ndipo ukavuka bahari hadi Unguja. Pangani, wasomaji wangu, si mbali na kwetu Muheza. Maelfu ya watu walikufa. Chumvi ilikuwepo jikoni, miwa ilikuwepo shambani, maji yalikuwepo. Aliyejua namna ya kuvichanganya ndiye hakuwepo.

Hapa nataka niwatetee wale wakubwa waliomshauri bibi. Tusidhani kwamba kumnyima maji mgonjwa anayeharisha ni ushamba wetu sisi. Kwa miaka mingi, hata katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, ilifundishwa kwamba tumbo la mtu anayeharisha linatakiwa lipumzishwe. Asile, na kunywa kwake kupunguzwe. Mfano ule wa ndoo iliyotoboka haukuwa wa Muheza peke yake. Nao unaingia akilini kabisa: unampa maji, anayatoa. Kosa lake ni kwamba utumbo si ndoo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa Kiingereza aitwaye Leonard Rogers, akiwa Calcutta, alilirudia wazo la Latta la kuingiza maji ya chumvi kwenye mishipa, akayatengeneza kwa vipimo bora. Vifo vikapungua sana. Dripu ikawa mfalme. Na kweli inastahili heshima, kwani mgonjwa aliyezimia hawezi kunywa. Lakini dripu inataka maji yasiyo na vijidudu, sindano safi, chupa, na mtu aliyesomea. Kipindupindu na kuharisha hupenda kwenda mahali ambapo vitu hivyo vyote havipo.

Sasa sikiliza kisa kinachonisikitisha. Mwaka 1953, daktari mmoja wa Calcutta, Hemendra Nath Chatterjee, alichapisha ripoti katika jarida la Lancet la London. Alikuwa amewatibu wagonjwa 186 wa kipindupindu, ambao hali zao hazikuwa mbaya kupita kiasi, kwa maji yenye chumvi na glukosi ya kunywa, pamoja na maji ya majani fulani ya kienyeji. Walipona. Lakini alikuwa na upungufu mmoja. Hakuwa na kundi la kulinganisha, wala hakupima kwa ukamilifu ni kiasi gani cha maji kiliingia na kiasi gani kilitoka. Wakubwa wa tiba wakampita tu. Unaweza kusema alidharauliwa kwa sababu ni Mhindi aliyetumia majani, na huenda ukawa na haki yako. Lakini vilevile hakuwapa namba ambazo zingewabana wasiweze kumkataa. Hilo nalo ni somo kwa wenzetu wanaouza dawa za asili na kuchukia kila anayetaka kupima.

Kwa nini chumvi na sukari? Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria kuharisha. Mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, mwanasayansi wa Marekani aitwaye Robert Crane alieleza namna utumbo unavyofyonza sukari. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna milango midogo sana. Glukosi haiwezi kupita mlango huo peke yake, lazima iandamane na chumvi. Zikiwa pamoja mlango unafunguka, zinaingia mwilini, na maji yanazifuata nyuma. Ukimpa mgonjwa maji matupu, mengi yanapita na kutoka. Ukimpa maji ya chumvi bila sukari, vivyo hivyo. Ukimpa chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, maji yanaingia. Na jambo la ajabu ni kwamba hata kipindupindu kinapouvuruga utumbo kiasi gani, mlango huu kinauacha ukiwa mzima. Ndiyo maana nasema utumbo si ndoo iliyotoboka. Ukipewa kinachotakiwa, bado unapokea.

Na kipimo si jambo la mchezo. Mwaka 1962 huko Manila, timu ya daktari wa jeshi la majini la Marekani, Robert Phillips, ilijaribu mchanganyiko wa kunywa uliokuwa mkali kupita kiasi. Baadhi ya wagonjwa wakafariki. Phillips alishtuka, na jaribio likasimama. Chumvi ni chumvi, ikizidi nayo inaua.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari wawili vijana wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, pamoja na wenzao wa pale pale Rafiqul Islam na Majid Molla, walilirudia jambo hili kwa uangalifu. Safari hii walipima kila kitu. Mgonjwa akitoa lita moja, anakunywa kiasi kilekile. Hesabu rahisi ya mwenye duka: kilichotoka ndicho kirudishwe. Mahitaji ya dripu yakapungua kwa takriban asilimia 80. Mwaka 1968, wasomaji. Kumbukeni mwaka huo, nitaurudia.

Lakini hiyo ilikuwa hospitali ya utafiti yenye vitanda na manesi. Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1971, katika vita ya ukombozi wa Bangladesh. Watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Katika mji wa mpakani uitwao Bangaon kipindupindu kikaingia kwenye kambi. Daktari wa watoto, Dilip Mahalanabis, alikuta vyumba viwili vyenye vitanda 16, na wagonjwa wamelala hadi sakafuni juu ya matapishi na kinyesi. Ili kuwafikia alilazimika kupiga magoti humohumo. Baada ya muda mfupi dripu zikaanza kwisha.

Akafanya uamuzi. Timu yake ikapima gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea kwa kila lita ya maji. Wakafunga pakiti, wakakoroga kwenye mapipa yenye bomba. Wagonjwa hawakunyweshwa na madaktari, maana madaktari hawakutosha. Walinyweshwa na ndugu zao: mama, shangazi, kaka, kikombe baada ya kikombe. Kabla ya hapo, katika kambi kama zile, walikuwa wanakufa hadi watu 30 kati ya kila 100. Miongoni mwa wagonjwa zaidi ya 3,000 waliotibiwa na timu yake walikufa chini ya watu 4 kati ya kila 100. Namna ya kukoroga ikatangazwa hata kwenye redio ya siri ya wapigania uhuru wa Bangladesh. Mahalanabis alifariki mwezi Oktoba 2022. Hakupata Tuzo ya Nobel. Nilipowauliza wenzangu sita pale ofisini kama wanamjua, hakuna aliyenyoosha mkono, na mimi mwezi mmoja kabla nisingeunyoosha.

Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupambana na magonjwa ya kuharisha, na jarida lilelile la Lancet likaandika kwamba huenda huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ya 20. Maji, chumvi na sukari!

Ungedhani hadithi imeisha. Haijaisha, kwa sababu kujua ni jambo moja na mama wa kijijini kujua ni jambo jingine kabisa. Bangladesh ilikuwa tayari nchi huru, lakini maskini, na pakiti hazikutosha. Mwaka 1980 shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed, likaamua kupita nyumba kwa nyumba. Waliajiri wanawake wa kawaida, wakawafundisha kutumia vidole badala ya mizani: chumvi kiasi cha kushika kwa vidole vitatu, na gao moja la gur, ambayo ndiyo hii hii tunayoiita sukari guru, katika maji nusu lita hivi. Mama mwenye nyumba alikoroga mwenyewe huku anaangaliwa.

Na hapa kuna ujanja ninaoupenda sana. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Baada ya muda mkaguzi alikuja nyuma yake, akachagua akina mama kadhaa na kuwauliza wanakumbuka nini. Wakikumbuka, mwalimu analipwa vizuri. Wakisahau, mfuko wake unalia. Semina ngapi nimezipeleka gazetini ambako watu walilipwa posho kwa kukaa tu?

Hata hivyo, mwanzoni akina mama walikumbuka somo lakini wengi hawakulitumia. Walipochunguza wakagundua kwamba baadhi ya walimu wenyewe, wakiumwa tumbo, walikimbilia vidonge. Hawakuamini wanachofundisha. Mama aliliona hilo usoni mwao. Ikabidi walimu waelezwe upya, wakawa wanayanywa maji yale mbele ya watu. Wakaongeza na mikutano ya wanaume, kwa kuwa baba asipoelewa atasema mkewe anamchezea mtoto. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika kwenye kaya zaidi ya milioni 12.

Matokeo? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba watoto wapatao milioni 4.6 wa chini ya miaka 5 walikuwa wanakufa kwa kuharisha kila mwaka duniani. Makadirio ya karibuni ya Shirika la Afya Duniani ni takriban 444,000. Si maji haya peke yake, kuna chanjo, vyoo na maji salama, lakini sehemu yake ni kubwa mno. Na 444,000 bado ni watoto wa watu.

Nisije nikaonekana nasema kikombe cha maji kinatosha kila mahali. Mwezi Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, kwa majirani zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Ardhi ile ni mwamba wa volkano, hata shimo la choo halichimbiki. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50,000 walikufa. Elimu ya maji ya chumvi na sukari ilikuwepo kwa miaka 26, lakini maji safi ya kukorogea hayakuwepo ya kutosha, na wa kumnywesha kila mgonjwa hawakutosha. Na sisi wenyewe tusijisahau: Agosti 2015 kipindupindu kililipuka hapa hapa Dar es Salaam, kikasambaa mikoani na kuugua watu zaidi ya 20,000.

Sasa turudi jikoni. Kwanza, dawa za kienyeji alizozitumia bibi. Majani ya mpera yana tanini, yale yanayokakamaza ulimi, na watu wa nchi nyingi wameyatumia kwa tumbo. Lakini kijiko asubuhi na kijiko jioni hakirudishi maji yaliyopotea, na ndani yake hamna chumvi. Madafu je? Yana madini ya potasiamu kwa wingi, lakini chumvi yake ni ndogo. Soda ndiyo kabisa, sukari yake ni nyingi mno na huyavuta maji yarudi utumboni, kuharisha kukazidi. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo, huo sasa! Miaka ya 1980 watafiti wa Dhaka, akiwemo yule yule Majid Molla, walionyesha kwamba unga wa mchele unaweza kushika nafasi ya sukari, kwani wanga wake huvunjika na kuwa glukosi kidogo kidogo. Yaani sufuria ya bibi ilikuwa na dawa. Ilikosa kipimo tu, na mtu wa kumwambia ampe mtoto kwa wingi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu mtarajiwa, hii ndiyo kanuni. Bora zaidi ni pakiti ya ORS kutoka duka la dawa, bei yake haizidi soda, ikorogwe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, vikiwa vya kusawazisha si vya mlima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena polepole. Kunyonya kuendelee, chakula kiendelee. Muulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo tangu mwaka 2004 vinashauriwa kutolewa kwa siku 10 hadi 14. Na ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, mtoto hawezi kunywa au amelegea haamki, usikoroge chochote kwanza, kimbia hospitali. Hapo dripu ina kazi yake.

Na tafadhali, mtoto anayeharisha asipelekwe kung'olewa "meno ya plastiki". Hakuna meno ya plastiki. Ni meno yake mwenyewe ambayo hayajaota.

Jumamosi iliyopita nilirudi Muheza. Njiani ndani ya basi nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nimwambie au nisimwambie? Kumwambia bibi kwamba maji yangemwokoa mwanawe, si ni kumzika mtoto mara ya pili? Mwandishi wa habari nimezoea kusema kweli za watu wengine.

Nilimwambia. Alisikiliza yote, ya Calcutta, ya Dhaka, ya Bangaon. Akauliza swali moja: "Walijua tangu lini?"

"Dhaka walijua mwaka 1968, bibi."

Akahesabu kwa vidole. "Miaka kumi na moja kabla. Na huku kwetu nani alikuja kuniambia?"

"Hakuna aliyekuja, bibi."

Alinyamaza mpaka nikajuta kufungua mdomo. Kisha akasema, "Kwa hiyo sikumbemenda."

"Hukumbemenda, bibi. Alikaukiwa maji."

Akarudia mwenyewe, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya: sikumbemenda. Akafuta macho kwa upindo wa khanga, akainuka, akaniambia nimfuate jikoni. Akatoa kopo la sukari na la chumvi, akamwita binamu yangu ambaye ana mtoto wa miezi minane. "Haya, mume wangu," akasema, "vijiko vingapi? Mwonyeshe na huyu."

Tukakoroga. Akaonja yeye kwanza. Akasema yana ladha ya machozi.

Huo ndio mzigo niliokuja kuutua leo. Ukitoka hapa, mfundishe mtu mmoja tu: dada wa kazi, jirani, mama mkwe. Miaka kumi na moja ni mingi kwa habari kutembea kutoka Dhaka hadi Muheza. Isichukue mingine kutoka kwako hadi mlango wa pili.

Wikiendi njema. Tukijaliwa, tutaonana tena hapa kibarazani.